Mistari ya Mpemba wa Suna

Juzi tulikwama Jangwani, Dar es Salaam, ndani ya basi la mwendokasi, kijana mmoja akamuuliza mwenzake kwa nini serikali imeliacha bonde zuri namna ile, katikati ya mji, bila kujenga nyumba. Mwenzake akajibu kwamba labda limewekwa kwa ajili ya wawekezaji. Nilitaka kugeuka, nikajizuia. Wote wawili walikua mji ukiwa umekwishahamia mbele, na hakuna aliyewaambia kwamba pale, na kushuka mpaka Suna, Kigogo na Mkwajuni, watu waliishi, walioa na walizika.

Mimi nimekulia Magomeni Suna, upande unaoteremka kuelekea Msimbazi. Tulipanga chumba na nusu katika nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo uani. Lakini ninayemkumbuka kila masika si mwenye nyumba. Ni Mpemba wa duka la kona. Jina lake tulilijua, hakuna aliyelitumia.

Duka lake lilinuka mafuta ya taa, dagaa wakavu na sabuni ya mche, na harufu hizo zilikuwa na mpangilio, kwa kuwa bidhaa zenyewe zilipangwa kwa kuogopa maji. Chini kabisa aliweka vitu visivyojali maji: kreti za soda, ndoo, masufuria. Juu yake sabuni. Sembe na sukari zilikaa juu ya chaga karibu na dari, hata mwezi wa Agosti ambapo vumbi lilitusumbua kuliko maji. Pipa la mafuta ya taa alilifunga kwa kamba kwenye nguzo. Nilipokuwa mdogo nilidhani anaogopa wezi. Baadaye nilikuja kuona pipa la jirani likielea uani, limepinduka, mafuta yote juu ya maji, na watu wakizuia watoto wasisogee na kibatari.

Kwenye mwimo wa mlango alikuwa na mistari ya rangi ya mafuta, mmoja kwa kila mafuriko yaliyoingia dukani. Pembeni mwa kila mstari aliandika tarehe, lakini si ya kalenda ya ukutani. Mfungo Sita, siku ya kumi na nne. Rajabu, mwandamo. Mwaka hakuandika. Nimewahi kujaribu kuzioanisha tarehe zile na za kawaida, nikaacha. Bila mwaka haiwezekani, na yeye mwaka haukumhusu. Kilichomhusu ni mwezi, unaojaza na kupunguza bahari. Mto Msimbazi unashuka kutoka milima ya Pugu na Kisarawe na kumwagikia baharini pale Salenda. Mvua kubwa ikinyesha huko juu wakati wa bamvua, maji ya mto yanakuta bahari imejaa mlangoni, hayana pa kwenda, yanarudi kwetu. Wakati wa maji mafu, mvua ileile inapita. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa hayo. Mstari wake ulimwambia maji yalifika wapi na bahari ilikuwaje.

Mgeni aliyetafuta chumba alipitia kwake kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyejua nani anahama. Alimsimamisha mlangoni, akamwonyesha mstari wa juu kabisa, na kumuuliza: "Yakhe, kitanda chako kina miguu mirefu kiasi gani?" Wengine walicheka. Wengine waliondoka kwenda kutafuta chumba Mwembechai. Waliobaki waliandikwa kwenye daftari la mkopo na kwenye lile la kufa na kuzikana, ambalo pia lilikaa kwake. Pesa za kuzikana ndizo zilizonunua magodoro mapya maji yalipopungua. Bima nyingine hatukuwa nayo. Shirika la Bima la Taifa lilikuwapo tangu 1963, lakini kwetu bima ilikuwa jambo la wenye magari na wafanyakazi wa ofisini. Nani angeikatia bima nyumba ya miti na udongo, tena bondeni?

Mpango wa mji wa 1979 ulilitaja bonde lile kuwa la hatari. Ramani ilibaki ofisini, na huku chini mauziano yaliendelea mbele ya mjumbe, karatasi ikagongwa muhuri, watu wakaamini muhuri. Nyumba zikawa za tofali, zikasogea mtoni. Huko juu napo, Ukonga mpaka Vingunguti, mabati na saruji vikafunika ardhi iliyokuwa ikinywa mvua. El Niño ya 1997 ikapita, tukahamia Kimara, nikaoa.

Halafu mafuriko ya tarehe 20 Desemba 2011. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua ya namna ile haijaonekana Dar es Salaam tangu 1954. Walikufa watu wapatao 40. Nami nilikumbuka mistari, nikatazama mwezi: ulikuwa unaelekea kufa, bamvua bado siku kadhaa. Maji hayakuisubiri bahari. Hesabu ya Mpemba, iliyotufaa miaka yote ile, ilikuwa imepitwa, kwa sababu mto wenyewe ulikwishabadilishwa na sisi tulioujengea.

Yaliyofuata mnayajua. Viwanja vya Mabwepande kwa waliohamishwa, alama nyekundu za X kwenye nyumba za kubomolewa, matingatinga ya mwisho wa 2015. Na katika bonde lilelile lililosafishwa kwa kuwa halifai, ilijengwa karakana ya mwendokasi, nayo ikazama. Zaidi ya mara moja. Hilo nimeshindwa kulizoea. Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi wenye mkopo wa Benki ya Dunia, na daraja refu la Jangwani.

Maarifa hayajakosekana. Tangu 2015 vijana wa vyuo, chini ya mradi wa Ramani Huria, walipita mtaa kwa mtaa wakiuliza wenyeji maji hufika wapi, wakachora ramani. Anayenunua nyumba leo hazitazami. Anamuuliza dalali.

Mpwa wangu amenunua karibu na mto Mbezi kwa mkopo wa benki, akaniletea karatasi za bima kwa furaha. Bima ya moto. Mafuriko yalikuwa kwenye ukurasa wa nyongeza ambao haukutiwa tiki. Vyombo vya ndani havimo, na kiasi kilichokatiwa ni kile cha mkopo tu, kama nusu ya thamani ya nyumba. Nikamfafanulia: nyumba ya milioni 100 ukiikatia bima ya milioni 50, ukipata hasara ya milioni 20, kampuni ina haki ya kukulipa milioni 10. Penye swali kama nyumba imewahi kuingiliwa na maji, alijaza "Hapana".

"Umemuuliza nani?"

"Dalali, mjomba. Na rangi ni mpya kabisa."

Jibu la uongo kwenye fomu ile linaweza kuufuta mkataba siku ya kudai, hata kama uongo ni wa dalali. Tukaenda kwa jirani, mama anayeuza vitumbua. Kabla hajasema neno nikaona soketi za umeme sebuleni kwake: zote kimo cha kifua. Za mpwa wangu ziko chini, karibu na sakafu, na juu yake pametiwa rangi hiyo mpya. Mama akatueleza mwezi na mwaka maji yalipoingia, na kwamba ukuta wa bwana wa juu umesogezwa mpaka kwenye mkondo, kwa hiyo masika ijayo maji yatakuwa makubwa zaidi.

Fomu imejazwa upya, mafuriko yakiwemo. Ada imepanda, na kuna kiasi cha kwanza cha kila hasara atakachobeba mwenyewe. Dalali hapokei simu. Mpwa wangu naye, nasikia, anawaambia watu kwamba mjomba amemwongezea gharama.