Mchawi Mpe Mwana Alee

Mchawi mpe mwana alee, walisema wahenga, na ndivyo ilivyofanya serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1933 ilipomwajiri Constantine John Philip Ionides katika Idara ya Wanyamapori. Ionides, Mwingereza mwenye asili ya Kiyunani aliyezaliwa mwaka 1901, alikuja nchini akiwa ofisa wa jeshi. Alipouvua unifomu aliishi kwa bunduki, akiwaua ndovu kwa ajili ya pembe zao, na mwenyewe hakuficha kwamba aliwinda pasipo ruhusa. Leo tungemwita jangili. Aliyekuwa akimkwepa bwana nyama akawa bwana nyama.

Kituo chake kilikuwa Liwale, kusini ya Mto Rufiji, kwenye pori lililopewa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Huko ujuzi wa zamani ukawa nyenzo ya kazi mpya. Alijua ndovu hunywa wapi na mwenye kuwavizia hupita njia gani, akalizunguka pori kwa miguu pamoja na askari na wafuata nyayo wenyeji. Katika miaka ya 1940 Wangindo wa magharibi ya Liwale walihamishwa. Sababu iliyotolewa ni malale. Mashamba yao yakaachiwa ndovu, na hifadhi ikapanuka hata ikafikia karibu kilomita za mraba 50,000. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Lakini Rufiji haikomi kwenye mpaka wa hifadhi. Huteremka hadi Utete, kisha hugawanyika katika milango ya delta, upande wa Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Huku bondeni mkulima wa mpunga hulala katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, alinde mavuno yasiliwe na nguruwe na viboko. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba mmoja, ambaye watu walimbandika jina la Osama, aliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vya Rufiji, hadi askari wa wanyamapori walipompiga risasi mwezi wa Aprili 2004. Alikutwa na jipu kubwa chini ya gego. Mnyama analindwa na sheria. Mwenye dungu analindwa na nani?

Kwenye delta yenyewe suala ni lile lile. Boriti zilizoezeka nyumba nyingi za Unguja na Arabuni zilikatwa huko, zikasafirishwa kwa majahazi. Tangu enzi ya Wajerumani mikoko imewekewa sheria. Mkataji wa boriti huutambua mkandaa, msinzi na mchu akiwa mbali, na hujua mti upi ukikatwa huchipua na upi hufa. Huo ni ujuzi ambao ofisi yoyote ya misitu ingeuhitaji, na bado mara nyingi mwenye nao huingia ofisini humo kama mtuhumiwa.

Hapo ndipo methali ya wahenga inapotaka kutazamwa tena. Ionides alipewa mwana amlee, pamoja na mshahara na cheo. Mwanakijiji aliyejua pori vile vile, mwenye gobori lake na watoto wa kulisha, alipewa pingu. Ujuzi ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni rangi ya mwenye nao na anayejuana naye serikalini. Ulinzi wa mali ya asili utakuwa wa haki siku mkataji wa mikoko wa Kibiti atakapoaminiwa kama alivyoaminiwa ofisa yule.

Ionides alifariki mwaka 1968, akazikwa ndani ya hifadhi aliyoipenda. Aliyekuwa jangili alipata kaburi porini. Walioishi humo kabla yake waliyaacha nyuma makaburi ya wazee wao.