Kila mtu na wembe wake

Wazee walituachia methali tatu juu ya wembe. Ya kwanza: kinyozi hajinyoi. Ya pili: mtoto akililia wembe, mpe. Ya tatu: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mu darasa ninazifundisha kila mwaka, na wanafunzi wanazieleza vizuri: mtu anahitaji wenzake, mkaidi anafundishwa na maumivu yake, shida ya jirani ni onyo kwako. Lakini ni wachache wanaouliza kwa nini wazee walichagua wembe, hawakuchagua shoka wala jembe.

Jibu ni kwamba wembe ulimfuata mtu tangu kuzaliwa mpaka kufa. Mtoto alinyolewa nywele zake za kwanza. Mwenye kufiwa alinyolewa. Siku ya kutosha kilio, jamaa yote ilikaa chini, ikainamisha vichwa. Hata neno lenyewe ni la zamani: sisi tunasema wembe, ndugu zetu wa Rwanda na Burundi wanasema urwembe. Watu wa lugha mbalimbali wakikiita kitu kwa jina moja hivi, ujue kitu hicho hakikuanzia mu butiki.

Leo wembe umekuwa jambo la makuta. Huku kwetu Lubumbashi, baba wa jamaa mwenye vijana watatu wenye ndevu anajua hesabu hiyo: rasuari ya kutupa inakata vizuri siku ya kwanza, siku ya tatu inakwaruza, siku ya tano inavuta ndevu kama mtu anayeng'oa majani. Inatupwa, inanunuliwa nyingine. Na kilio kikiingia mu nyumba, hesabu inakuwa kubwa zaidi, kwa sababu vichwa ni vingi. Hapo ndipo mtu anasema: «Tutumie moja, tunyoe wote.» Neno hilo ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Tuanze na wazee. Kambo yangu alikuwa na wembe mmoja tu. Ulikuwa kipande cha chuma kilichofuliwa na mhunzi, chembamba upande mmoja, kinene upande wa kushikia. Aliunoa juu ya jiwe la mtoni, kisha akaupitisha juu ya ngozi, akaufunga mu kitambaa na kuuweka juu, mbali na watoto. Chuma kilichotoka kwa mhunzi kilikuwa mali ya kudumu. Inchi yetu inajua chuma tangu zamani. Mu makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wataalamu waliochimba mu mwaka 1957 na 1958 walikuta vitu vingi vya chuma na vya shaba, na makaburi mengi ya pale yana umri wa mamia ya miaka. Waluba walijali sana nywele pia: walilala juu ya viegemeo vya mbao ili misuko isiharibike, na mu misuko hiyo walichomeka pini ndogo za chuma zenye umbo la fuawe ya mhunzi. Chuma na kichwa cha mtu vilikuwa marafiki.

Basi wembe wa kutupa ulitoka wapi? Ulitoka Marekani. Mtu mmoja anayeitwa King Camp Gillette alifungua kampuni yake mu 1901. Aliona kwamba wembe wa kunolewa unadumu maisha yote, kwa hiyo mwenye kuuuza anauza mara moja tu. Akawaza bati nyembamba ya chuma yenye makali pande mbili, inayoingia mu kishikio, na ikiisha makali inatupwa. Mu 1903 aliuza vishikio 51 tu na nyembe 168. Mwaka uliofuata alipata hati ya uvumbuzi, na vishikio vilivyouzwa vilifika karibu 90 000. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, serikali ya Marekani iliagiza vishikio 3 500 000 kwa ajili ya askari wake. Jina lake likawa jina la kitu: mpaka leo wengi wetu wanauita wembe wa namna hiyo jileti, hata kama umetengenezwa na kampuni nyingine.

Mu 1921 hati ile ilikwisha muda. Viwanda vingine vikaruhusiwa kutengeneza wembe wa makali mawili, na ndiyo sababu mpaka leo ni bei ndogo: unatengenezwa mu inchi nyingi, na wembe wa kiwanda hiki unaingia mu kishikio cha kiwanda kile. Mwenye butiki akipandisha bei, unavuka barabara.

Kampuni kubwa ziliona hivyo, zikatafuta njia nyingine. Mu 1971 kilitoka kichwa chenye nyembe mbili, mu 1998 chenye tatu, mu 2006 chenye tano. Kichwa cha namna hiyo kinaingia tu mu kishikio kilichotengenezwa kwa ajili yake. Ukinunua kishikio, umejifunga. Matangazo yanasema ni maendeleo ya ngozi. Mimi naona ni maendeleo ya kufunga mlango.

Tena kwa watu wenye nywele za kujikunja kama zetu, nyembe nyingi si faida kila mara. Wembe wa kwanza unavuta unywele, wa pili unaukata chini ya ngozi. Unywele ukianza kuota unajipinda, unaingia mu ngozi badala ya kutoka nje. Ndiyo vile vipele vya shingo na kidevu ambavyo vijana wetu wanavificha kwa poda. Wengi wanafikiri ni uchafu wa wembe tu, kumbe mara nyingi ni kunyoa chini sana. Mwenye shida hiyo atumie wembe mmoja, asipitishe mara mbili pahali pamoja. Au aende kwa mashini, inayoacha ndevu fupi kidogo juu ya ngozi.

Sasa tufanye hesabu, mimi ni mwalimu. Bei ninazoweka ni za mfano. Wewe weka zile za butiki yako. Tuseme rasuari ya kutupa ni franka 1000 na inakunyoa mara 4. Kila kunyoa ni franka 250. Tuseme wembe mmoja wa makali mawili ni franka 200, nao unakunyoa mara 4. Kila kunyoa ni franka 50. Mtu anayenyoa mara 2 kwa wiki ananyoa mara 104 kwa mwaka: wa kwanza anatosha franka 26 000, wa pili 5 200. Wa pili anahitaji kishikio cha chuma. Kama ni franka 10 000, faida yake ya franka 400 kila wiki inakilipa kwa wiki 25. Kisha kinabaki chake, na kikitunzwa vizuri atakiachia mtoto, kama kambo alivyofanya na chuma chake.

Kuna njia nyingine ya kupunguza gharama, nayo haihitaji makuta: ni ile methali ya tatu. Tia maji! Ndevu kavu ni ngumu, ndevu zilizokunywa maji zinalainika. Mu 2020 wataalamu wa chuo cha MIT cha Marekani walionyesha jambo la kushangaza: chuma cha wembe ni kigumu kuliko unywele karibu mara 50, lakini unywele unaweza kumega vipande vidogo sana vya makali, hasa kama umeinama na makali yana udhaifu pahali unapoyagusa. Basi loweka ndevu kwa maji ya moto kidogo, dakika mbili tatu. Paka sabuni ile ya kawaida mpaka itoe povu. Fuata upande ambao ndevu zinaelekea. Ukimaliza, suuza wembe, kung'uta maji, uache ukauke. Usifute makali kwa kitambaa. Wembe unaolala mu maji unaliwa na kutu mbele ya kuliwa na ndevu.

Lakini kuna njia ya bei ndogo ambayo ninaikataa: wembe mmoja kwa watu wengi. Ninaikataa nikijua kwamba wazee wetu ndivyo walivyofanya. Wao hawakujua virusi. Virusi vya SIDA vilitambulikana mu 1983, mu Ufaransa. Na ugonjwa wa maini unaoitwa epatiti B unaambukiza kwa damu kwa urahisi kuliko SIDA: virusi vyake vinaweza kukaa juu ya kitu kikavu siku 7 na zaidi, vikiwa bado na nguvu. Tone la damu halihitaji kuonekana. Kukwaruza kidogo kisogoni kunatosha. Kusuuza kwa maji hakutoshi.

Jambo hili lilitufikia mu jamaa yetu, siku ya kutosha kilio cha baba mdogo. Watu wa kunyolewa walikuwa 17: mjane, watoto, wajukuu, ndugu wa tumbo moja. Mwenye kushika makuta ya kilio alikuwa amekwisha kununua unga, maharagwe, na kulipia bashi ya kivuli. Kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Aliweka wembe mmoja juu ya meza.

Mpwa wetu ambaye ni mwuguzi akasema hapana, akaeleza ugonjwa wa maini. Mzee mmoja akakasirika.

«Munataka kutuachanisha,» akasema. «Wembe moja, jamaa moja. Kama kila mutu anakuya na wake, hii iko kilio ao iko saluni?»

Watu wakanyamaza. Mzee hakuwa mjinga. Aliogopa kwamba tukigawanya wembe, tutagawanya na huzuni, na kesho kila mtu atalilia mu nyumba yake. Makuta haya ya wembe yaligusa jambo kubwa kuliko makuta.

Mama mkubwa, aliyekuwa mkubwa wa wote pale, ndiye aliyejibu. Hakumpinga mbele ya watoto. Alimwita yaya, kwa heshima.

«Yaya, mimi njo nitanyoa bote. Beseni ya mayi iko moja. Mukono iko moja. Umoja haiko mu wembe, iko mu mukono.»

Mzee aliinama, akafikiri, kisha akakubali kwa kichwa.

Ilibaki shida ya makuta. Mpwa wetu alituonyesha jambo ambalo vinyozi wengi wanajua. Wembe wa makali mawili, ukiwa bado mu karatasi yake, unaweza kuukunja kwa urefu, polepole, mpaka uvunjike katikati. Unapata nusu mbili, kila moja na makali yake mapya, na kinyozi anaiweka mu kishikio chake cha kufunga. Tulinunua pakiti mbili za nyembe 5. Nyembe 10, nusu 20. Vichwa 17, zikabaki nusu 3. Hata yule mwenye kushika makuta alicheka. Kati ya mtu na mtu, mama mkubwa alinawa mikono kwa sabuni, na kishikio kilipanguswa kwa pombe ya hospitali. Nusu zilizotumika zilitiwa mu kopo la maziwa lililotobolewa juu, kopo likatupwa mu choo cha shimo.

Kopo hilo ni la lazima. Mu shule zetu watoto wanachonga penseli kwa wembe waliouokota, hawajui ulipita mu ngozi ya nani. Mtoto akililia wembe, mpe: methali ni methali, lakini wembe wa kuokota usimpe.

Wako watakaosema tunaharibu desturi. Ninawakumbusha ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, walioteseka kwa Ebola kuanzia mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020. Walizoea kuosha maiti na kuigusa kwa upendo. Walipaswa kubadili mazishi, kwa machozi na mara nyingine kwa ugomvi. Wafu wao hawakuacha kuwa wafu wao, na jamaa hazikuacha kuwa jamaa. Desturi ina mwili na ina roho. Mwili unaweza kuvaa nguo nyingine.

Basi, ndugu msomaji, haya ndiyo ninayoomba. Nyumbani, nunua kishikio kimoja cha chuma kwa kila mwanaume, na nyembe za makali mawili. Usidanganywe na vichwa vya nyembe tano. Kama jamaa ni kubwa, changeni kwa ajili ya mashini ya kunyolea, na meno yake yasafishwe kwa pombe kila mara. Kwa kilio, andika nyembe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, pamoja na unga na kuni, zisingoje makuta ya mwisho. Na mganga anayechanja, mwambie afungue wembe mpya mbele ya macho yako. Kama makuta hayapo kabisa, wazee wa jamaa wakubali mkasi uliosafishwa ukate unywele kidogo tu wa kila mtu, maana wafu wetu hawahesabu nywele.

Umaskini unatufundisha kugawana, na ni jambo zuri. Tugawane unga, tugawane maji, tugawane kinyozi na machozi. Wembe, kila mtu na wake.