Ulimi wa Kadiri

Klarineti ni ala yenye mwili mkubwa na sauti inayotoka katika kitu kidogo. Mwili wake aghalabu ni mpingo, mti unaoota katika nchi yetu na katika Msumbiji, ambao mafundi wa Ulaya huutafuta kwa sababu ya uzito na ugumu wake. Lakini mpingo hausemi peke yake. Kinachosema ni kipande cha tete, chenye upana wa milimita 13 hivi na urefu wa milimita 68 hivi, kilichofungwa kwa ukanda juu ya kinywa cha ala, na ambacho ncha yake imechongwa ikawa nyembamba kama karatasi. Mpigaji akipuliza, ncha hiyo hutetemeka, na tetemeko lake huwa sauti. Katika insha hii nitakiita kipande hicho ulimi, kwa kuwa kazi yake ni kusema. Na kusudi langu ni kueleza jinsi nilivyojifunza, kwa gharama ya aibu, kuchagua ulimi wenye ugumu unaonifaa.

Nilianza kujifunza Matema, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo milima ya Livingstone hushuka kwa ghafula hadi majini. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja aliyepata kupiga katika bendi ya askari zamani za ujana wake, akarudi nyumbani na klarineti yake katika sanduku la mbao. Jumapili alipiga pamoja na matarumbeta ya kanisa. Siku nyingine alikaa barazani wakati wa jioni, akapiga polepole mpaka mitumbwi ya wavuvi ilipotoka. Sisi vijana tulimwita Tata, yaani baba kwa Kinyakyusa, na hapana hata mmoja wetu aliyethubutu kulitaja jina lake mbele yake.

Ndimi zilikuwa adimu. Ziliagizwa mbali, zikafika kwa kuchelewa, na mzee alizitunza kuliko fedha. Kwa ajili ya uhaba huo nilienda siku moja ukingoni mwa Mto Lufilyo, nikakata tete nene kuliko yote niliyoyaona, nikalipasua na kulichonga kwa wembe. Nilipolifunga juu ya kinywa cha klarineti halikutoa sauti yo yote. Tata alicheka, kisha akanieleza. Matete yetu, yanayotufaa sana kwa nyua na mikeka, yana ukuta mwembamba. Ukiyachonga, nyama yote huisha kabla ya umbo kupatikana. Ndimi za klarineti hukatwa katika tete la aina nyingine, lenye ukuta mnene, ambalo hulimwa hasa katika wilaya ya Var, kusini mwa Ufaransa. Huachwa shambani miaka miwili, hukatwa wakati wa baridi, na kuanikwa juani mpaka ligeuke manjano. Ndipo hukaa ghalani muda mrefu kabla ya kuchongwa. Hivyo nilifahamu kwamba klarineti ya mzee ilikuwa mapatano ya nchi mbili: mti wa Afrika na tete la Ufaransa. Kilichobaki kutafutwa ni pumzi ya mtu wa Matema.

Hapa yanipasa kusema neno juu ya namba, maana ndizo zilizonipotosha. Juu ya kila ulimi hupigwa chapa ya namba, kuanzia 1 au 1½ hata kufikia 5, ikipanda kwa nusu nusu. Watu wengi hudhani kuwa namba hiyo ni kipimo cha unene. Sivyo. Watengenezaji huchonga ndimi za aina moja kwa umbo moja, kisha huzipima kwa kuzibonyeza, waone kila mmoja unashindana kiasi gani na nguvu ya chombo. Unaopindika upesi hupewa namba ndogo. Unaokataa hupewa namba kubwa. Basi namba ni kiasi cha ukaidi wa tete, wala si daraja ya mpigaji. Tena hata kiasi hicho si kimoja duniani: 3 ya kiwanda hiki huweza kuwa laini kama 2½ ya kiwanda kile, na ndani ya sanduku moja la ndimi 10 hazikosi mbili tatu zinazotofautiana na wenzao.

Mzee alipiga 2½ siku zote, nami nilianzishwa kwa 2. Mwaka 1978 nilipanda garimoshi la TAZARA pale Mbeya nikaenda Dar es Salaam kusoma, na huko nikajiunga na kikundi cha vijana wapenda muziki. Tulizisikiliza sahani za santuri za Kongo, na hasa klarineti ya Jean Serge Essous, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956; kila mmoja wetu alitaka sauti nene na safi kama ile. Sijui nani alianza, lakini ilizuka kati yetu imani kuwa sauti kubwa haina budi kutoka katika ulimi mgumu. Tukaulizana namba kama askari wanavyoulizana vyeo. Aliyepiga 3 alimdharau wa 2½, naye akadharauliwa na wa 3½. Mwaka wa tatu nilifika 4. Mdomo wangu wa chini ulikuwa na jeraha la meno lisilopona, na baada ya robo saa ya kupiga mashavu yalilegea; lakini namba yangu ilikuwa 4.

Nilirudi likizo nikamwonyesha mzee. Alinisikiliza kwa adabu, akautazama ulimi wangu kwenye nuru ya jua, akaurudisha. Akasema, "Mwanangu, ulimi hupimwa kwa pumzi yako ya mwisho, si kwa ya kwanza." Niliitikia, "Ndaga, Tata," kama ilivyo desturi ya kushukuru, walakini moyoni nilisema kuwa hayo ni maneno ya mtu aliyezeeka, ambaye hana nguvu za kupinda kitu kigumu.

Mwezi wa Aprili mwaka 1982 nililetewa habari kuwa mzee amefariki. Nilisafiri usiku na mchana, nikapita Tukuyu na Ipinda katika mvua, maana pwani hii ya kaskazini ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania, na Aprili ndio upeo wake. Nilifika watu wakiwa wamekwisha kukusanyika migombani, karibu na nyumba, palipochimbwa kaburi. Niliombwa nipige ubeti wa kwanza wa wimbo peke yangu, kwa sauti ya chini, kabla ya matarumbeta kuingia.

Nilipuliza, ikatoka pumzi tupu. Nikapuliza kwa nguvu zaidi, ukatoka mlio mkali mmoja uliowafanya watoto wageuze vichwa, kisha pumzi tena. Kifua changu kilikuwa kimebanwa na kilio. Pumzi niliyokuwa nayo haikutosha hata robo ya ile inayotakiwa na 4. Wapiga matarumbeta, kwa huruma yao, waliingia kabla ya zamu yao, wakanifunika. Hapana aliyenilaumu. Lakini nilikuwa mwanafunzi wake, na mbele ya kaburi lake nilikuwa bubu.

Jioni ile mjane wake aliniita, akanipa mkebe wa tumbaku. Akasema, "Alisema upewe wewe." Ndani mlikuwa na kipande cha kioo, na juu yake ndimi nne zimelazwa zisipinde. Zote nne zilikuwa na chapa ya 2½. Lakini nyuma ya kila mmoja mzee alikuwa ameandika neno kwa kalamu ya risasi: Mvua, Jua, Kanisa, na wa nne, Msiba. Nilizijaribu moja moja kwa kidole. Wa Kanisa ulikuwa mgumu kuliko wote. Wa Msiba ulikuwa laini kabisa, nao ncha yake ilikuwa imesuguliwa kwa jani la msasa mpaka ikang'aa. Yule niliyemdhania mdhaifu alikuwa amejua zamani kwamba siku ya msiba mtu hana pumzi, akajiwekea akiba ulimi utakaomkubali katika hali hiyo.

Siku ya kumaliza matanga niliuomba ubeti ule tena. Niliupiga kwa ulimi wa Msiba. Sauti haikuwa nene, wala isingesifiwa Dar es Salaam. Lakini kila noti ilitoka pale ilipotakiwa, na watu waliufuata wimbo wakaimba.

Tangu hapo huchagua hivi, na ndivyo niwafundishavyo wengine. Kwanza hutazama kinywa cha klarineti: chenye mwanya mkubwa hutaka ulimi laini, chenye mwanya mdogo huvumilia mgumu. Kisha huulowesha ulimi mpya na kuupiga dakika chache tu, nikaulaza mpaka kesho. Hukumu ya siku ya kwanza ni ya uongo. Siku zifuatazo huupiga noti za chini kwa sauti ndogo kuliko zote niwezazo. Ukisita, au ukichanganya sauti na upepo, ni mgumu kwangu. Halafu hupanda noti za juu kwa nguvu. Ukijifunga, au sauti ikishuka chini ya ufunguo wake, ni laini mno. Unaopita mitihani hii miwili ndio wangu, iwayo yote namba yake. Wala siuamini kuwa utakuwa hivyo daima. Tete hunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ulionifaa katika ukavu wa Mbeya mwezi wa Julai huweza kunikana kando ya ziwa wakati wa masika.

Wanafunzi wangu bado huulizana namba. Siwakatazi, maana nami sikukatazwa. Huwaonyesha mkebe, nikawaachia wasome yaliyoandikwa. Ndimi za mzee zimekwisha kuchakaa na hazipigiki tena. Zangu ziko kando yake juu ya kioo kile kile, nazo nimeziandika kwa kalamu ya risasi. Mmoja kati yao, laini kuliko wenzake, huwa sikosi kuuandika neno lile la nne.