Injini Iliyobisha Hodi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Darasani huwa tunasisitiza adabu ya kubisha hodi: mara tatu, usipojibiwa uondoke. Leo napenda niwasimulie habari ya injini iliyonibishia hodi mara tatu njiani, nami mwalimu wenu nisiitikie.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, tulialikwa Ruangwa kwenye mashindano ya kuhifadhi Qur'an. Madrasa yetu haina gari, hivyo nilimwendea mzee mmoja jirani yetu hapa Nachingwea, mwenye pikapu ya zamani ya petroli. Akanipa ufunguo bila ya maswali. Pikapu hiyo ndiyo inayombebea korosho zake kwenda ghalani, na msimu ulikuwa karibu. Tukaondoka baada ya sala ya Alfajiri, mimi na wanafunzi watano.

Hodi ya kwanza ilikuwa kwenye mwinuko. Nilisikia ko-ko-ko kwa mbali, nikadhani ni mawe yanarukia chini ya gari. Hodi ya pili aliisikia mwanafunzi aliyekaa mbele: "Ustadhi, mbona injini inagonga?" Nikamwambia arudie sura yake, mambo ya gari aniachie mimi. Hodi ya tatu ilikuja na taa nyekundu ya oili, ile yenye mfano wa birika. Ikawaka, ikazimika, ikawaka tena. Hapo ndipo nilipozima injini. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: kikavu. Tangu nipokee ufunguo sikuwa nimekitazama.

Wanafunzi niliwapakia kwenye gari la abiria, wakawahi mashindano. Mimi na pikapu tukavutwa kwa kamba hadi gereji moja mjini Ruangwa.

Fundi alijaza oili kwanza, akawasha injini kwa muda mfupi tu. Alinieleza kwamba milio ya injini haifanani. Mlio mwepesi wa juu, kama wa cherehani, mara nyingi ni vali zinazotaka kurekebishwa. Mlio mkali unaotokea gari likipanda mlima huenda ukawa ni petroli mbaya, joto kupita kiasi au moto wa plagi kuwahi. Lakini mlio mzito wa chini, unaozidi ukikanyaga mafuta, ndio wa kuogopwa. Akaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni, kama daktari. Kisha akachomoa waya za plagi moja moja. Alipochomoa ya tatu, mlio ukapungua.

"Ni beringi ya mkono wa pistoni ya tatu, Ustadhi. Oili ilipopungua, chuma kimesuguana na chuma. Sasa pana nafasi, ndiyo maana inagonga."

Nikauliza dawa yake.

"Dawa ni kufungua na kubadilisha beringi. Au nikutilie oili nzito, itanyamaza siku mbili tatu. Utafika Nachingwea, umkabidhi mwenyewe gari lake, basi."

Ndugu zangu, sitaki kujifanya malaika. Nilinyamaza kitambo. Fedha pekee niliyokuwa nayo ni ya ufuta, niliyoiweka kwa ajili ya mabati. Niliona jinsi mzee atakavyopokea ufunguo na kunishukuru, kisha injini imfie katikati ya msimu wa korosho, naye adhani ni uzee wa gari. Hakuna mtu ambaye angejua. Ndipo nikaikumbuka hadithi niliyoisomesha mara nyingi: Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumelowana na juu ni kukavu, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Oili nzito ile ndiyo ingekuwa nafaka yangu kavu ya juu.

Nikampigia simu mzee. "Baba, gari lako nimeliharibu. Sikupima oili."

Akakaa kimya, kisha akasema: "Mwanangu, gari hilo linakula oili, na mimi nilisahau kukwambia. Litengenezwe, gharama tutagawana."

Fundi alipofungua sampu, tulikuta chembe za chuma zinazometameta kama mchanga. Alhamdulillah, krenki ilikuwa haijachimbika. Ingechimbika, ingebidi ipelekwe kuchongwa na kuwekewa beringi nene zaidi. Beringi zilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, tukazisubiri siku tatu. Akabadilisha zote, akasafisha chujio la pampu ya oili, akatia oili na filta mpya. Injini ikanguruma bila kugonga. Mabati yangu yamesubiri hadi mwaka huu.

Wanafunzi wangu, kabla ya safari, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, kisha chomoa tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Injini ikigonga, simama uizime, usiongeze mwendo. Na ukiazima kitu kikaharibika mkononi mwako, sema kabla hujaulizwa, kwani hiyo ni amana.

Yule mwanafunzi wa kiti cha mbele nimekwisha kumwomba radhi mbele ya darasa zima. Yeye aliisikia hodi, mimi nikamnyamazisha.

Wabillahi tawfiiq.