Ree Mbili na Fuko Nene

Kila mchezo una misemo yake, na katika karata msemo unaonikera kuliko yote ni huu: "Ree hazitupwi!" Utausikia popote wanapocheza poka, iwe kwa njiti za kiberiti au kwa shilingi. Mtu akigawiwa ree mbili, zile karata zenye alama moja tu katikati, anajiona kashika ufunguo wa benki. Mwambie azitupe uone. Ni kama umemtukania mama.

Najua wapo watakaofunga gazeti hapa hapa kwa kuwa kamari ni haramu. Siwashawishi. Mama yangu mwenyewe hajui Jumamosi usiku huwa naelekea wapi, na akisoma haya atajua, basi tena. Ila nina deni la maelezo kwa mshikaji wangu mmoja, na kwa mdomo nimeshindwa kulilipa. Kila nikianza ananikatiza. Gazetini hawezi kunikatiza.

Kwa wasioujua mchezo, poka hii ya Texas kila mtu anagawiwa karata mbili anazozificha. Kisha zinafunuliwa tano mezani za watu wote: kwanza tatu kwa mpigo, halafu ya nne, halafu ya tano. Kabla ya kufunua na baada ya kila kufunua watu huweka dau. Unaweza kufuata, kupandisha, au kutupa karata zako ukakaa pembeni ukinywa chai. Kabla ya kitu chochote kufunuliwa, ree mbili ndizo bora kupita zote. Unazipata kwa wastani mara 1 katika kugawiwa mara 221. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote zile, zikienda mpaka mwisho, zinashinda takriban mara 85 katika 100. Wakiingia watano dhidi yako zinashuka hadi karibu nusu.

Sasa hapo ndipo watu wanaposahau jambo dogo. Ree mbili ni jozi. Jozi moja! Meza ikishafunuliwa, jozi moja inapigwa na jozi mbili, inapigwa na tatu za aina moja, inapigwa na mfuatano, inapigwa na tano za rangi moja. Ni mkono wenye nguvu, sikatai, lakini hauna mahali pa kukua. Ree zimebaki mbili tu katika karata zote zilizosalia. Wenye magarasa ndio wenye nafasi ya kukua.

Na sasa tuje kwenye fuko. Chukulia nina shilingi 4,000 tu mbele yangu na nimepandisha dau hadi 800 nikiwa na ree mbili. Wewe una sita mbili. Sita ya tatu itakuja kwenye zile karata tatu za mwanzo takriban mara 1 katika 8 au 9. Maana yake utatoa 800 bure mara saba au nane, kama 6,000 hivi, ili siku moja uninyang'anye hiyo 4,000 yangu. Biashara kichaa hiyo, bora utupe. Lakini chukulia nina 80,000, na wewe unayo hivyo hivyo, na unanijua kuwa mimi ni wale wa "ree hazitupwi". Heh! Hapo utafuata 800 yangu ukitabasamu. Karata ni zilezile. Kilichobadilika ni unene wa fuko langu, na fuko hilo hilo ndilo linalokuita uingie.

Basi usiku wenyewe. Tulikuwa sita, chumba cha jamaa mmoja Magomeni, feni inazunguka kwa kulalamika. Madau ya lazima yalikuwa 100 na 200, na kila mtu aliingia na 20,000. Mimi na mshikaji wangu tulichanga, 10,000 kila mmoja, tukacheza kwa zamu. Mmoja akishika karata mwingine anakaa nyuma, mdomo kafunga. Ndiyo masharti ya meza ile. Nilijua kwa nini alichanga. Alikuwa anadaiwa kodi ya chumba mwezi mmoja, 60,000, na mama mwenye nyumba alishaanza kumwamkia kwa sauti ya juu ili wapangaji wote wasikie.

Kufika saa saba usiku tulikuwa na 80,000. Mwingine mwenye fuko kama letu alikuwa jamaa mmoja fundi simu, tunamwita Fundi, mtu mpole wa kutafuna karanga. Nikagawiwa ree ya shupaza na ree ya kopa. Nikapandisha hadi 800. Fundi, aliyecheza baada yangu, akafuata. Akafuata na mwingine mmoja. Mezani zikafunuliwa tisa ya uru, nane ya uru, sita ya pau. Jamani, hiyo si meza, hiyo ni daladala ya saa kumi na mbili jioni: kila mtu kajishika mahali. Mwenye kumi na saba keshapata mfuatano. Mwenye saba na tano hali kadhalika. Mwenye uru mbili anasubiri moja. Fungu lilikuwa 2,500, nikaweka 2,000. Fundi akafuata, yule wa tatu akatupa. Karata ya nne ikaja tatu ya shupaza, haikumsaidia mtu. Nikaweka 4,000. Fundi akaacha karanga. Akahesabu taratibu, akasukuma 16,000.

Nyuma yangu nilisikia pumzi ya mshikaji ikisimama.

Hesabu ya juu juu inasema hivi. Nilitakiwa kuongeza 12,000 ili kulipata fungu lililokwishafika 26,500. Inatosha nishinde mara 31 katika 100, na nimelipwa. Hii ndiyo hesabu anayonitupia mshikaji mpaka leo, na kama mchezo ungeishia pale ningemkubalia. Lakini haukuishia pale. Karata ya tano ilikuwa haijafunuliwa, na baada ya kutoa hizo 12,000 ningebaki na 61,200 ambazo Fundi angeniuliza habari zake. Ikija uru, nitafanya nini? Ikija saba, au tano, au kumi? Akisukuma zote, nitatupa baada ya kulipa 12,000, au nitafuata nikiwa na jozi moja? Zile 12,000 zilikuwa kiingilio tu, bei yenyewe ilikuwa 73,200. Na yeye Fundi, kwa Jumamosi zote nilizokaa naye, fungu likiwa dogo anazuga kama wengine, likinenepa hazugi. Angekuwa na uru mbili tu anasubiri bahati, mkono wake ungekuwa mwepesi zaidi. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Ule mkono ulikuwa wa mtu anayehesabu mshahara wake.

Nikazitupa ree zangu kifudifudi. Fundi akavuta fungu, akachanganya karata zake na nyingine bila kuonyesha, akaendelea na karanga. Haikupita nusu saa mwenye chumba akasema anataka kulala. Tulikuwa na 73,200 zilezile. Tukagawana, 36,600 kila mmoja. Njiani mshikaji hakusema neno mpaka tulipofika barabarani, ndipo akasema, "Umetupa kodi yangu." Akavuka.

Ipo kanda maarufu ya fainali ya mashindano ya dunia ya mwaka 1988 pale Binion's Horseshoe, Las Vegas, na sehemu yake imeonyeshwa ndani ya filamu ya Rounders ya 1998. Erik Seidel ana malkia na saba. Zimefunuliwa malkia, kumi na nane, kwa hiyo ana jozi kubwa kuliko yoyote ambayo meza inaweza kutoa. Johnny Chan ana jeki na tisa, mfuatano kamili, na ananyamaza kama aliyelala. Mwishowe Seidel anasukuma zote na mchezo unaisha. Mshikaji huniambia, unaona, hata Seidel hakutupa! Namjibu kwamba wale walikuwa wamebaki wawili tu, na wakibaki wawili hata jozi ya kawaida ni mkono mkubwa. Miaka kumi na tano baadaye, 2003, katika mashindano hayo hayo yaliyokuwa na watu 839, Sammy Farha alikuwa na jeki na kumi, zikafunuliwa jeki, tano na nne. Jozi ya juu tena. Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee, alikuwa na tano na nne! Zote zikaingia mezani hapo hapo, na mhasibu akaondoka na dola milioni 2.5. Sisemi Farha alikosea. Nasema tu kwamba ukitazama fuko kubwa linavyoondoka, mara nyingi mwenyewe alikuwa na karata nzuri. Mwenye garasa hutupa mapema, halafu huyo anakwenda kulala.

Lakini nimwonee haki mshikaji. Hoja yake iliyonikaa si ya hesabu. Aliniambia siku moja tukinywa kahawa: "Wewe ulikuwa unalinda 36,600. Mimi 36,600 haikunisaidia kitu. Mimi ilikuwa 60,000 au sifuri." Hapo nilinyamaza. Kwa fuko la mtu mmoja asiye na deni, kutupa kulikuwa sawa, nasimama hapo. Lakini lile fuko lilikuwa na watu wawili ndani yake, na kila mmoja alikuwa na urefu wake. Kwake yeye fuko letu halikuwa nene hata kidogo. Alikuwa ni yule mwenye 4,000, na mwenye 4,000 akipata ree mbili anasukuma zote, wala hafikirii. Vitabu vya poka nilivyovisoma havina sura juu ya jambo hili, vinadhani mtu anakuja mezani peke yake.

Kodi aliilipa baadaye, kwa kuuza redio. Siku hizi tunakaa wote mezani, kila mtu na 20,000 yake, na tukikutana kwenye fungu hanihurumii. Fundi bado anakuja. Mwezi uliopita nilimuuliza, kwa upole kabisa, usiku ule alikuwa na nini. Alifikiri kidogo, akaniuliza usiku upi.