Mizani ya Ndoano

Mara ya mwisho nchi yetu ya Kongo kuhesabu watu wake ilikuwa mwaka 1984. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, tukaandikwa watu watatu. Tangu hapo sijahesabiwa tena, na wajukuu zangu hawajahesabiwa hata siku moja. Kwa hiyo meya wa Butembo au wa Beni akitaja idadi ya watu wake, anakisia. Na akishakisia watu, takataka zao, vyoo vyao na maji yao ya kunywa navyo atavikisia.

Sisi tuliofanya biashara hapa Butembo enzi za Mobutu tunapenda kujisifu. Serikali ilikuwa mbali, tukajijengea wenyewe. Askofu wetu Emmanuel Kataliko alipotuhimiza, tulichanga: barabara, shule, na mwaka 1989 Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kikafungua milango. Sifa hiyo ni yetu kwa haki. Lakini tulichangia mawe, mabati na saruji. Pesa ya kwenda kupima na kuuliza hatukuiwaza kabisa. Tuligawa viwanja vilimani bila kujua maji ya mvua yatapita wapi, leo makorongo yanameza nyumba. Tulipanda mikaratusi hadi kwenye chemchemi, maana mti ule hukua upesi na mbao zake zina soko. Mto Kimemi tuliufanya jalala. Mimi mwenyewe nilimwaga huko miaka mingi, tena usiku.

Miaka michache iliyopita msichana mmoja, mwanafunzi, alibisha hodi kwangu. Alikuwa na daftari, magunia matupu na mizani ya ndoano ile ya wauza nyama. Akasema, "Mzee, shikamoo. Naomba ruhusa nipime takataka za hapa nyumbani siku saba." Nilidhani ananitania. Mama watoto akamruhusu, naye akaja kila asubuhi kabla ya jua kuwaka. Alimwaga gunia juu ya turubai, akatenga kwa mikono: maganda ya ndizi na ya mihogo huku, majivu huku, mifuko ya plastiki huku, betri za redio peke yake. Kisha akapima kila fungu na kuandika. Siku ya saba akanionyesha daftari. Karibu vyote tulivyokuwa tukivitupa mtoni ni vitu vya kuoza, mbolea tupu, na shamba langu la maharage liko kilomita mbili tu kutoka hapo. Nikaona haya.

Nilimuuliza nani anamlipa. Akacheka. Mizani aliazima, magunia alipewa na shangazi yake sokoni, na pesa ya kuchapa kazi yake ilitoka kwenye maharage ya mama yake. Alitetea kazi yake chuoni, akapewa alama nzuri, kitabu kikawekwa rafuni. Baadaye nilikaa kwenye kikao cha salongo, kazi ya pamoja ya usafi, katika ofisi moja, tukabishana saa mbili nzima jalala lipelekwe wapi. Hakuna aliyejua kwamba kitabu kile kipo.

Nakumbuka na siku za Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Magari ya wataalamu yalijaa Beni na Butembo. Walitupima joto, wakatuuliza tumekula na nani, tumemzika nani. Sibishi, maswali hayo yalikuwa ya lazima na chanjo imeokoa wengi. Ila aliyeleta pesa ndiye aliyeleta maswali. Sikumbuki mtu aliyeniuliza choo cha soko kinamwaga wapi, na ugonjwa ulipokwisha magari yakaondoka. Beni wana shida nyingine juu ya hiyo: tangu Oktoba 2014 mauaji ya vijijini yanasukuma watu mjini. Kwa shemeji yangu huko, kiwanja kimoja kina jamaa nne na choo kimoja, na kisima kiko hatua chache kutoka hapo. Nani amepima maji ya kisima kile?

Kuna waliofanya tofauti. Dar es Salaam, mwaka 1992, halmashauri ya jiji ilianza mradi wa mazingira kwa pesa za Umoja wa Mataifa, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kuandika hali halisi ya jiji lenyewe. Sisi tusingoje Umoja wa Mataifa. Katiba yetu ya 2006 inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 inaipa miji, komine, sekta na shefri asilimia 40 ya fungu hilo la mkoa. Waliokaa ofisini wanajua inavyofika, kama inafika. Hata hivyo kodi ya soko hukusanywa kila siku, na humo sehemu ndogo ya kulipia vipimo haikosekani. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na mji unaongozwa na afisa wa polisi. Afisa huhamishwa. Anayekuja baada yake asianze tena kwa kukisia.

Basi, wenzangu wa rika langu mlio na maduka na malori: mlango wa chuo mnaujua, mliujenga ninyi. Mwaka huu tena kuna wanafunzi wanaotaka kupima chemchemi, makorongo na majalala yetu, na wamekosa pesa ya karatasi na nauli. Tuwalipie, kisha kitabu tukipeleke kwa meya sisi wenyewe, mkononi.