Mabinti Waliotoka Porini

Mwaka 2004 mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umeanza kupumua. Wanajeshi wa Rwanda walikuwa wameondoka 2002 baada ya mkataba wa Pretoria, kisha wanamgambo wa Mai-Mai wakauzingira mji hata kwenda shamba ikawa kuhatarisha roho. Serikali ya mpito ilipoundwa 2003, tume ya CONADER ikapewa kazi ya kuwarudisha wapiganaji uraiani. Watoto waliotumiwa vitani walipitia kwanza vituo vya muda. Mimi nilifundisha ushonaji katika kimoja.

Kila kitu kiliandaliwa kwa ajili ya wavulana. Mabinti walikuja wachache, tena kwa kutoroka, kwa kuwa makamanda waliwaita wake zao na hawakukubali kuwaachia. Wengine walifika na mtoto mgongoni.

Jioni moja, kwenye mstari wa chakula, bukari na sombe, binti wa miaka kama 15 aligeuka ghafla akampiga mwenzake usoni kwa sahani ya bati, damu ikatoka. Hakutukanwa wala hakusukumwa. Mlinzi akataka afukuzwe usiku ule ule. Mama mpishi, mjane wa Alunguli, akamzuia: "Baba, mwache kwanza akae." Akamketisha jikoni, akampa sombe atwange. Alitwanga mpaka giza likaingia, ndipo akasema kwamba kule porini, waliomjia usiku walimjia kwa nyuma.

Kesho yake mstari ukafutwa. Wakala wameketi duara, kila mmoja akiwaona wote. Mapigano ya wakati wa chakula yakapungua sana.

Chale zilitushinda zaidi. Kadhaa walikuwa wamechanjwa dawa ya Mai-Mai, ile iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na makovu yalipopona waliyachana upya wenyewe, kwa siri. Kuna aliyeogopa kwamba amevunja miiko na dawa itamgeukia. Mwingine aliniambia, macho yakiwa kwenye cherehani: "Mama, haya ndiyo maumivu pekee ambayo hakuna mtu aliyeniamuru." Miaka ishirini imepita na bado nayasikia maneno hayo.

Mvulana akipiga mtu, watu walisema vita bado vimo mwilini mwake, wakamvumilia. Binti akifanya lile lile aliambiwa hana adabu, na akijiumiza aliambiwa ana pepo. Hata nyumbani hesabu ilikuwa tofauti. Baba mmoja alikubali kumpokea binti yake, lakini mjukuu aliyezaliwa porini akamkataa. Wiki hiyo binti alivunja vioo vya darasa kwa mikono mitupu. Tulimfunga vidonda, na mama mpishi akalala naye chumba kimoja mpaka alipotulia. Hatukuwa na daktari wa akili. Tulikuwa na mtu asiyeondoka.

Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza vitani aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo watoto bado wanachukuliwa na vikundi vyenye silaha mashariki mwa nchi yetu. Kwa wanaofungua vituo leo nasema hivi: watafuteni mabinti kwanza, maana hakuna kamanda atakayewaleta kwenu. Binti akipiga, muulizeni ni nani aliyekuwa nyuma yake. Na mtoto wake mpokeeni pamoja naye, la sivyo mtakuwa mmemrudisha porini.